Maji ya Mablanketi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, mapema kuliko tulivyotarajia. Ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, ikakatika, kisha ikarudi kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Ninaandika kwenye daftari langu la historia, ambalo lilibaki na kurasa nyingi safi. Shule nimemaliza, matokeo bado, na Mama amesema hataki kuniona nimekaa nyumbani nikikodoa macho mlangoni. Kuanzia kesho nitakwenda naye kazini. Mama anafua kwa dobi. Mvua zikianza watu hukumbuka mablanketi yao, na pale kazini mikono huwa haitoshi.

Nilimwambia sitaweza kuongea na wateja. Akacheka. "Nani kakwambia mablanketi yanataka maongezi?"

Jumanne, 5 Machi

Nyumba ya dobi ina vyumba vitatu na ua. Cha mbele ni cha kaunta, ndiko anakokaa Bosi, mwanamke wa umri wa Mama. Cha katikati ni cha pasi. Cha nyuma kina mashine tatu za kufulia. Moja mlango haufungiki, umeegemezewa kigoda. Uani kuna mahodhi mawili ya saruji chini ya paa la bati, na pipa la maji juu ya jiko la kuni.

Mablanketi mazito hayaingizwi kwenye mashine. Yakilowa yana uzito wa ng'ombe, na mota inaungua. Hutandazwa ndani ya hodhi, hunyunyiziwa sabuni, humwagiwa maji ya moto, halafu mtu huingia peku akayakanyaga mpaka uchafu utoke. Wafuaji wengine husubiri maji yapoe. Mama hasubiri. Anakunja gauni, anaingia mvuke ukiwa bado unapanda, na kuanza kukanyaga. Maji yakiwa moto uchafu hutoka upesi, kwa hiyo mablanketi karibu yote hupewa yeye, na kila blanketi lina cha ziada juu ya mshahara.

"Yule si mtu, ni chuma," aliniambia mpiga pasi, mwanamume mwembamba wanayemwita Kola kwa sababu hawezi kuona kola ya mtu imekunjamana akanyamaza. "Mimi nimeshika pasi miaka kumi na tano, lakini mguu wangu hauingii mle hata ukinilipa. Wewe je, binti Chuma?"

Sikumjibu. Nilitabasamu nikiangalia chini.

"Haya bwana," akasema. "Mama Chuma, mtoto Kimya."

Kabla ya saa sita nikawa nimeshapata jina. Mama alisikia kutoka uani, akacheka kwa sauti. Niliona jinsi anavyojivunia miguu yake.

Jumatano, 6 Machi

Mama hajala tangu jana mchana. Nilipomuuliza alisema, "Kesho kliniki," kana kwamba hilo ni jibu.

Alhamisi, 7 Machi

Huu ni mwaka wa sita Mama ana kisukari. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi huenda kliniki, na siku zote hizo mimi nilikuwa shuleni, kwa hiyo leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumsindikiza.

Ni ukumbi mrefu wenye mabenchi, na mbele kuna meza ya nesi. Unaitwa, unachomwa kidole, kimashine kinalia, nesi anaisoma namba kwa sauti, anaiandika kwenye daftari lako na kwenye kitabu chake kikubwa. Namba ikiwa nzuri anakwambia, "Hongera, endelea hivyo hivyo." Ikiwa mbaya hasemi na wewe, anasema na ukumbi mzima.

"Kumi na saba! Jamani, hebu mwoneni mwenzenu! Ulilala juu ya gunia la sukari?"

Watu walicheka. Mwanamke aliyeambiwa hivyo naye alicheka, lakini aliporudi kukaa alijifunika uso kwa mtandio. Akapangiwa kurudi kila wiki mpaka namba ishuke.

Kando yetu alikaa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa dereva wa lori. Alimwinamia Mama. "Mimi tangu Jumanne maji matupu. Wewe?"

"Jumanne mchana."

"Basi leo tunafaulu wote."

Mama alipata tano nukta nane. "Hongera, endelea hivyo hivyo." Alirudi akitabasamu, lakini kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho la baridi. Nje ya geti alikula ndizi tatu akiwa amesimama, kisha akavuta pumzi na kuanza kunisimulia jinsi dereva yule alivyowahi kuzirai akiwa kwenye foleni, nesi akamsifu kwa namba nzuri hata kabla hajaamka. Tulicheka njia nzima. Nilikumbuka wenzangu darasani waliosoma usiku mmoja tu kabla ya mtihani.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mablanketi thelathini na moja. Vidole vyangu vimechubuka kwa sabuni.

Alhamisi, 14 Machi

Kola ameahidi kuninunulia soda nikisema sentensi tatu mfululizo. Nimefikisha mbili.

Jumatatu, 18 Machi

Leo Bosi aliniita nimsaidie kupanga stakabadhi, maana mwandiko wangu unasomeka. Saa saba kamili aliacha kila kitu akala. Kuna msichana nyumbani kwake anayempikia na kumpimia chakula, na dereva humletea: mboga nyingi, samaki kipande, wali kidogo kiasi cha ngumi. Alivua viatu vyake, vile laini vya ngozi vyenye soli nene, akaweka miguu juu ya kigoda.

"Unashangaa?" akaniuliza. "Mimi na mama yako ugonjwa mmoja. Tulianza vidonge mwaka mmoja."

Sikuwa najua. Alinieleza kwamba yeye huenda hospitali ya kulipia, huko wana kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kwa mpigo. "Hicho hukidanganyi hata ufunge wiki. Kinakuumbua." Kuna mtu wa kumkata kucha na kumkagua nyayo kila mwezi. "Ni nidhamu tu, binti yangu. Ukijipenda utajitunza. Ila mama yako simwezi, ananionyesha daftari lake kila mwezi, namba zake nzuri kuliko zangu, na hana hata wa kumpimia chakula!"

Nilirudi uani. Saa saba na nusu Mama alikuwa bado yumo ndani ya hodhi. Alikula saa kumi, mkate na chai, kwa sababu ndipo alipomaliza. Nakiri kwamba nilimkasirikia. Nilijiuliza kwa nini hawezi kuwa kama Bosi, akatoka saa saba, akala.

Ijumaa, 22 Machi

Nguo hazikauki. Kola anakausha mashuka kwa pasi na kulaani mawingu moja moja.

Alhamisi, 28 Machi

Nitaandika hili polepole.

Asubuhi Mama alikuwa kwenye hodhi, mimi nikimletea ndoo za maji kutoka kwenye pipa. Blanketi moja lilikuwa limejikunja chini ya miguu yake, akaniambia, "Hebu livute hilo pembeni, mwanangu." Nikauliza kama maji yamepoa. Akasema, "Vuguvugu tu."

Niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikautoa nikipiga kelele. Ngozi imekuwa nyekundu mpaka sasa ninapoandika. Kola alikuja mbio na pasi mkononi. Mama alikuwa amesimama mle mle ndani ya maji yale yale, akiniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Umegusa nini?" akaniuliza.

"Maji, Mama."

"Maji haya?"

Kola alicheka. "Si nilikwambia? Chuma!" Wafuaji wengine wakacheka pia. Mama akaendelea kukanyaga. Mimi nilitia mkono kwenye ndoo ya maji baridi, na pale pale ikanijia picha iliyobandikwa ukutani kule kliniki, nyuma ya meza ya nesi, ambayo siku ile niliisoma mara nyingi tukingoja foleni. Imechorwa unyayo, na chini yake pameandikwa: Ganzi miguuni? Mwambie daktari leo.

Miguu ya Mama si ya chuma. Haihisi. Wanampa mablanketi kwa sababu ya ugonjwa wake, naye anajivunia, na kila mtu anamsifu.

Jumapili, 31 Machi

Mchana nilimwomba nimsugue miguu kwa mafuta, nikisingizia kwamba anaonekana amechoka. Chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kuna kidonda, kipana kama kitufe cha shati, pembeni kimekuwa cheupe kwa kulowa. Nilikibonyeza. Mama alikuwa anaendelea kunisimulia habari za jirani. Nikabonyeza tena.

"Mama, hapa hapaumi?"

"Wapi?"

Nilimwambia kuhusu picha ya kliniki. Nilisema yote. Alirudisha mguu wake chini ya gauni.

"Nina ganzi kidogo, nani asiye na ganzi? Wewe kasome huko kwenye picha zako. Mimi nina mablanketi ya watu."

Jumatano, 3 Aprili

Nimepika, hakula. Nikamwambia, "Kula, Mama, wakuone ulivyo." Akaniambia niache utoto. Kisha akakaa akanieleza kwa upole, kama zamani aliponisaidia hesabu. Ukiwa na namba mbaya unaaibishwa mbele za watu, hilo linavumilika. Lakini pia unaambiwa urudi kila wiki. Kila wiki ni siku moja nje ya kazi, na Bosi hamlipi asiyekuwepo. "Kwa hiyo niambie, msomi wangu. Namba mbaya itanipa dawa au itanipa likizo?"

Nimeandika karatasi ndogo.

Alhamisi, 4 Aprili

Niliiweka karatasi ndani ya daftari lake la kliniki. Nilidhani daktari ataisoma kimya kimya, halafu atamwangalia miguu kana kwamba wazo limemjia mwenyewe. Nilidhani mtu anaweza kusema jambo bila kulisema.

Mama alipata sita kamili. Hongera, endelea hivyo hivyo. Tukaingia kwa daktari, kijana mwenye macho mekundu na rundo la madaftari mbele yake. Alifungua la Mama, akaiona karatasi, na kwa sababu alikuwa amechoka akaisoma kwa sauti.

"Daktari, mama yangu hajala tangu juzi ili namba iwe nzuri. Anakanyaga mablanketi kwenye maji ya moto na hahisi. Ana kidonda. Tafadhali mwangalie miguu. Mimi ni binti yake."

Mama aligeuka akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta mlango uko wazi.

Daktari alimwomba avue viatu na kufumba macho. Akatoa uzi mgumu kama wa kuvulia samaki, mfupi, kwenye kishikio. "Nikikugusa sema 'hapo'."

Akamgusa kidole gumba. Kimya. Akagusa chini ya vidole. Kimya. Mama alianza kukunja uso, akajua anachelewa. "Hapo," akasema. Daktari alikuwa ameushika uzi hewani.

"Hapo," Mama akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Uzi ulikuwa bado hewani. "Hapo. Na hapo."

"Mama, sijakugusa."

"Basi gusa vizuri, mwanangu."

Daktari hakucheka. Aliinua mguu wa kulia, akakitazama kidonda kwa muda, akakinusa. Akasema asikanyage maji kwa wiki sita, kidonda kisafishwe kila siku ya pili, na vidonge vibadilishwe. "Ukiingia tena kwenye maji hayo tutakuja kukata. Sikutishi. Nimeshakata wengi."

Njiani mvua ilitunyeshea na hatukujikinga. Karibu na nyumbani ndipo aliposema.

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuambia."

"Ungeniambia tena."

Ijumaa, 5 Aprili

Hasemi nami.

Jumamosi, 6 Aprili

Hasemi nami. Ameenda kazini, ameufunga mguu kwa mfuko wa plastiki na mpira wa baiskeli. Kwenye hodhi mfuko ulijaa maji.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo niliingia mimi kwenye hodhi kabla yake. Nilisubiri maji yapoe, nikakanyaga. Nilifanya mablanketi saba siku nzima. Yeye hufanya ishirini. Jioni nyumba za wageni tunazozifulia zilipiga simu kudai mablanketi yao. Bosi alikuja mpaka mlangoni. "Chuma, msimu ndio huu, unaniangusha?" Mama akasema, "Kesho yataisha." Hakumwambia kitu kingine, wala mimi.

Jumatano, 10 Aprili

Ameingia tena. Nilisimama pale na ndoo. Sikusema kitu.

Ijumaa, 12 Aprili

Kidonda kina rangi ya kijivu. Nimemwambia Kola, kwa sentensi zaidi ya tatu. Hakutaja soda. Alizima pasi, akakaa. "Na mimi ndiye niliyempa hilo jina," akasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilipiga moyo konde. Saa saba, Bosi alipofungua chakula chake, niliingia bila kuitwa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja kwa kalamu, lakini jasho lilishayafuta.

"Bosi, naomba kusema."

"Sema basi, Kimya."

"Kile kipimo chako cha miezi mitatu. Kingempima Mama, kingesema nini?"

Alishangaa. "Si namba zake nzuri? Mimi nimeziona."

"Zile ni namba za njaa. Anafunga siku mbili kabla. Hahisi miguu, ndiyo maana anaweza yale maji. Ana kidonda, daktari amemkataza hodhi. Amesema watamkata mguu."

Aliweka kijiko chini. "Sasa mbona hakuniambia? Miaka yote hii, mimi ninayeujua ugonjwa wenyewe?"

"Angekuambia, mablanketi ungempa nani?"

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Nilidhani ataniambia nitoke, na nisingemlaumu. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikisita sitarudi tena. "Ulisema ni nidhamu. Mama yangu ana nidhamu. Ukiacha siku za kliniki, hajakosa kazi hata siku moja. Saa saba ukiwa unakula, yeye yuko kwenye hodhi lako."

Aliinuka, akavaa viatu, akapita chumba cha pasi na cha mashine mpaka uani, mimi nikimfuata. Mama alikuwa anakanyaga. Bosi aliinama akatia vidole ndani ya maji, akavitoa kama amegusa kaa la moto.

"Toka humo."

"Yamebaki mawili, Bosi."

"Nimesema toka! Kola, mshike mkono!"

Mama alitoka akishikwa huku na huku. Mfuko wa plastiki ulivujia sakafuni maji ya rangi isiyo ya sabuni. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 16 Aprili

Bosi amesema Mama atakaa kwenye meza ya alama, kuandika namba kwenye nguo zinazoingia. Kiti atakileta. Watu wote watakula saa saba. Cha ziada cha mablanketi kitakwenda kwa atakayeyakanyaga, kwa hiyo tutapungukiwa. Hilo nalo alilisema, akiangalia pembeni. Simchukii Bosi. Zamani nilitamani Mama awe kama yeye. Sasa naona kwamba hata Bosi asingekuwa kama Bosi kama angekuwa yeye aliye ndani ya hodhi.

Jumamosi, 20 Aprili

Kiti kimefika leo. Siku nne Mama alikaa juu ya ndoo.

Jumatano, 24 Aprili

Tulichelewa. Asubuhi kidole cha mwisho kilikuwa cheusi na homa imempanda. Kola ndiye aliyembeba mgongoni kwenye matope mpaka barabarani. Hospitali wamemkata vidole viwili. Daktari yule yule wa macho mekundu aliniita nje akaniambia unyayo umebaki, na kwamba siku tatu zaidi usingebaki. "Ile karatasi yako," akasema, kisha akaitwa na mtu mwingine, sikusikia mwisho.

Nilitaka kumuuliza kama ningesema kwa mdomo, na mapema, vidole vingebaki. Sikuuliza. Nimeliandika hapa.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama aliamka saa tano. Alitazama bandeji kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia.

"Kimya, nipe maji."

Tangu tarehe nne hakuwa ameniomba kitu. Nilimwaga nusu ya glasi njiani.

Jumapili, 28 Aprili

Bosi alikuja wodini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu yao minne ikiwa kando kwa kando, miwili yenye viatu laini, mmoja peku, mmoja umefungwa. Waliongea habari za mashine isiyofungika mlango. Kisha Bosi akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Na tulianza mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja," Mama akasema, "lakini si mahali pamoja."

Bosi alimshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka kengele ya wageni.

Alhamisi, 9 Mei

Matokeo yametoka. Nimefaulu, si sana. Mama amewatangazia wodi nzima kana kwamba nimekuwa waziri.

Jumatatu, 20 Mei

Mama amerudi kazini, meza ya alama. Anaandika namba kubwa mno, Kola analalamika kwamba zinaonekana mpaka kwenye kola. Mvua inapungua. Mkanyagaji mpya anasubiri maji yapoe, na nyumba za wageni zimezoea kungoja.

Jumanne, 4 Juni

Saa saba Mama alikula. Jioni alikula.

Jumatano, 5 Juni

Amekula. Nilimwona anaisukuma sahani, anaivuta tena.

Alhamisi, 6 Juni

Jua, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Ukumbi ulinuka nguo zilizokuwa zinakauka mwilini mwa watu. Mama alitembea na mkongojo mpaka benchi letu la siku zote, na yule mzee dereva akamsogezea nafasi. Akautazama mguu wake, akatikisa kichwa. "Pole, dada. Umefunga tangu lini?"

"Jana nimekula kunde na wali," Mama akasema. "Nikaongeza."

Mzee alimwangalia kama mtu aliyevua nguo hadharani.

Jina la Mama likaitwa. Nilitaka kwenda naye, akanizuia kwa mkono. Kimashine kikalia. Nesi akakitazama, akakipiga kwa kidole, akakitazama tena.

"Kumi na sita nukta nne! Wewe? Wewe wa sita kila mwezi? Jamani, hebu mwoneni huyu, vidole vimekatwa juzi tu, na bado..."

"Iandike, dada," Mama akasema. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kusikiliza kelele, kwa hiyo kila mtu alimsikia. "Hiyo ndiyo yangu. Zile nyingine zote humo kitabuni ni za njaa. Nilikuwa nafunga siku mbili ili nikufurahishe wewe, nisirudishwe kila wiki nikakosa kazi. Namba zilikuwa nzuri, na mguu ukaoza. Iandike."

Nesi alibaki ameshika kalamu. Nilikuwa nimemzoea kama mtu wa kelele tu. Sikuwahi kugundua kwamba ni mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, na kwamba anafanya foleni yote ile peke yake.

"Za miaka yote?" akauliza, taratibu.

"Miaka sita."

Benchi letu likalia. Mzee dereva alikuwa anainuka, akijishika ukutani. "Na mimi, mwanangu, kabla hujanichoma, bora nikwambie. Tangu Jumanne sijatia kitu mdomoni. Na hapa naona watu wawili wawili."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, kicheko cha wasiwasi, halafu kikaisha. Nesi alikifunga kile kitabu kikubwa. Alituangalia, benchi baada ya benchi.

"Nani mwingine?"

Mkono mmoja ulipanda nyuma. Kisha wa yule mama mwenye mtandio. Kisha miwili pamoja, ya mtu na mkewe. Niliacha kuihesabu.

Nesi alinyanyuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na mkate mzima uliokuwa chakula chake cha mchana, akampa dereva awakatie waliofunga. Kisha akauvuta ubao wa ratiba ya wenye namba mbaya, akafuta kwa kiganja maneno "kila wiki", akabaki anaangalia pale palipobaki patupu.

"Haya," akasema, akimsogezea Mama kiti chake mwenyewe. "Leo tutachelewa sana. Anza wewe. Unafanya kazi wapi, na unakula saa ngapi?"